Alichokiona Mwosha

Saida alipostaafu alijipa muda wa kupumzika, na kabla muda huo haujaisha alikuwa amechoka kupumzika. Alikuwa amefundisha uuguzi maisha yake yote ya kazi, Nakuru kisha Kisii, na hakuwa na kipaji cha kukaa. Nyumba yake ya Kimbo, Ruiru, ilikuwa imekwisha kujengwa. Watoto walikuwa mbali na walipiga simu Jumapili. Mumewe alikuwa amefariki zamani. Alihitaji kazi, mshahara hakuuhitaji.

Ijumaa moja alikwenda kuswali Majengo, Thika, mtaa aliozaliwa. Baada ya swala imamu alitangaza kwamba mtaa una wazee wengi wenye afya na wakati, na una kazi nyingi zisizo na watu. Alizitaja. Kuwasikiliza watoto wa shule wakisoma, kule Kiganjo. Kuwasindikiza wagonjwa wa kisukari kliniki. Kupalilia bustani ya mayatima. Na kuosha maiti wa kike. Hiyo ya mwisho aliitaja kwa sauti ya chini kidogo. Waoshaji walikuwa wamebaki watatu, na mmoja wao hakuweza tena kuinama.

Saida alianza na shule. Alisahihisha usomaji wa watoto, kisha akasahihisha usomaji wa mwalimu wao, na mwalimu mkuu akamweleza kwa adabu kubwa kwamba muhula huo nafasi za kujitolea zilikuwa zimejaa. Akaenda kliniki. Huko alibishana na daktari kijana kuhusu dozi ya mzee mmoja, mbele ya mzee mwenyewe, na hakuitwa tena. Kote kuwili alikuwa sahihi.

"Njoo kwetu basi," Mama Adan, yule mwosha asiyeweza kuinama, alimwambia. Alikuwa mzaliwa wa Murang'a aliyesilimu alipoolewa, mwanamke mnene mwenye mzaha. "Maiti habishani na mtu. Na wewe hutapata wa kumsahihisha."

Mkuu wa waoshaji aliitwa Safaa. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mkali, na alijivunia kikundi chake kama mtu anavyojivunia nyumba ya ghorofa. Siku ya kwanza alimwonyesha Saida chumba cha nyuma ya msikiti: kitanda cha saruji chenye mteremko, ndoo, majani ya mkunazi, kafuri, vitambaa vya kusitiri. Alimweleza kwamba maiti hafunuliwi. Mkono hupita chini ya kitambaa, na jicho hubaki juu. Kisha akasema, "Ukiona kheri, sema. Uso ukiwa na nuru, waambie watoto wake. Ukiona aibu, funika. Haitoki hapa."

"Siri ya mgonjwa," Saida alisema. "Tuliifundisha mwaka wa kwanza."

Safaa aliridhika. Kila mmoja aliamini kwamba wamesema jambo moja.

Kazi ile Saida aliiweza, na hakutegemea kuipenda kiasi kile. Mikono yake ilijua kugeuza mwili bila kuutupa. Mama Adan alikaa kwenye kiti akimimina maji na kusema, "Tazameni, kama anamvika bibi harusi." Hakuna aliyeshukuru wala aliyeshukuriwa, na jambo hilo lilimpendeza Saida. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu alisubiri simu.

*

Baada ya mfungo wa Ramadhani alifariki Bi Kaluki. Alikuwa Mkamba kutoka upande wa Ngoliba, aliyesilimu ujanani akapewa jina jipya ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwita. Aliuza leso na madera karibu na soko la Thika, na kicheko chake kilijulikana kabla ya sura yake. Ilisemekana ni presha. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Firdaus, aliyekuwa na duka la sare za shule pale Kimbo.

Firdaus aliulizwa kama angependa kuingia kumwosha mamake pamoja nao. Alifika mlangoni, akarudi, akakaa nje ameegemeza paji la uso ukutani.

Ndani, mkono wa Saida ulipopita chini ya kitambaa upande wa kushoto, ulisimama. Alimtazama Safaa. Safaa akainua ukingo wa kitambaa, akatazama, akaurudisha. Ilikuwa saratani ya titi, ya muda mrefu, iliyokwisha kutoboa ngozi. Haikuwa imepasuliwa wala kutibiwa. Ilikuwa imefunikwa kwa vitambaa safi vilivyokatwa kutoka kwenye leso.

 Walimaliza. Mlango ulipofunguliwa Firdaus aliuliza, "Yuko sawa?"

"Uso wake una nuru," Safaa alijibu, na ilikuwa kweli.

Siku za matanga Saida alikaa kwenye mkeka nyumbani kwa Firdaus, akala pilau, akamsikia Firdaus akiwaambia waliokuja kumpa pole, "Hakuwa mgonjwa, aki. Alilalamika bega tu. Bega la kushoto. Hata mtoto wangu hakuwa anambeba upande huo. Nilimnunulia dawa ya kuchua."

Saida aliweka kijiko chini. Alijua bega lile lilikuwa nini. Alijua pia kwamba ugonjwa huo hufuata damu mara nyingine, na kwamba huyu binti anayekunja leso za mamake anapaswa kupimwa. Lakini alikuwa ameahidi kutosema. Alilifikiria tatizo hilo kama alivyozoea kufikiria matatizo, akaliona lina njia halali. Angetoa somo. Angewafundisha wanawake wote wa Majengo dalili za saratani ya titi, na Firdaus angekuwa mmoja wao. Siri ingebaki siri, na ukweli ungefika.

Aliona ni njia nzuri sana. Ndilo jambo ambalo baadaye lilimwia gumu kulikumbuka: kwamba alirudi Kimbo siku ile akiwa amejifurahia.

Safaa alilipokea wazo kwa mikono miwili. Kikundi chake kilikuwa hakijawahi kuandaa somo. Imamu akatoa ukumbi wa madrasa. Saida mwenyewe alipita dukani kwa Firdaus kumwalika.

"Njoo," alimwambia. "Litakufaa."

"Nitakuja, Mwalimu," Firdaus alisema. "Mama angependa. Alikuwa anapenda mikutano, bora kuna chai."

*

Chai ilikuwako, na mandazi. Wanawake walijaa mpaka milangoni, viatu vikarundikana nje, watoto wakatambaa kati ya mikeka. Safaa alikaa mbele kabisa, amevaa buibui jipya. Firdaus alikaa safu ya pili.

Saida alichora ubaoni, akaeleza, akauliza maswali na kupata majibu. Ukumbi ulimfuata. Wanawake waliokuwa wameona haya mwanzoni walianza kucheka na kuulizana. Ndipo alipofikia sehemu ambayo wanafunzi wake walikuwa wakiipenda kuliko zote, mfano wa mgonjwa. Alikuwa ameutayarisha kwa kanuni zilezile alizowafundisha miaka yote: ondoa jina, ondoa mahali, badilisha umri, badilisha kazi. Hospitalini, ambako wagonjwa ni mamia na hawajuani, hayo hutosha.

"Nitawapa mfano wa mama mmoja," alisema. "Mama wa makamo, mchuuzi wa mboga. Mcheshi, kila mtu anampenda." Neno hilo la mcheshi halikuwa la lazima. Aliliweka kwa sababu mfano usio na uhai haukumbukwi. "Mama huyu alikuwa na kidonda kwenye titi kwa miaka. Hakumwambia mtu. Alikata vitambaa vya leso akakifunika, akavaa nguo pana juu. Watu wa nyumbani walisikia nini? Walisikia bega. Bega linaniuma. Wakamnunulia dawa ya kuchua. Kwa hivyo, kina mama, mtu akikwambia bega..."

Aliona safu ya mbele ikitulia. Akadhani ni makini.

"Mwalimu." Firdaus alikuwa ameinua mkono kama mtoto wa shule. "Naomba kuuliza."

"Uliza."

"Huyo mama. Ilikuwa upande gani? Kushoto?"

"Kushoto," Saida alisema.

Mkono wake ulikuwa tayari umeelekea ubaoni kuonyesha. Kwa miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kumnyima mwanafunzi jibu analolijua, na jibu lilitoka kabla hajaangalia nani ameuliza na kwa nini. Kisha aliangalia.

Firdaus alichukua mkoba wake. Alipita katikati ya mikeka akiwaomba watu radhi kwa kuwapita, akatoka mlangoni, na hapo ikawa lazima atafute viatu vyake. Vilikuwa chini ya rundo. Ukumbi mzima ulisikiliza ndara zikiinuliwa na kuwekwa, zikiinuliwa na kuwekwa, mpaka akavipata.

Saida hakujua la kufanya, kwa hivyo alimaliza somo. Aliona kwamba akinyamaza atakuwa amethibitisha. Alieleza namna ya kujipima kwa vidole vitatu, akionyesha hewani, mbele ya wanawake waliokuwa wanatazama mikeka. Sauti yake ilikuwa imara. Hakuna aliyeuliza swali. Walipotoka hawakumuaga, isipokuwa wale wazee kabisa, ambao wangemuaga hata mwizi.

*

"Sikumtaja," Saida alisema.

Walikuwa watatu katika chumba cha kuoshea, wakipanga ndoo ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Wuui," Mama Adan alisema. "Hakumtaja. Tangu mfungo Majengo imezika mama mmoja, Mwalimu. Mmoja. Ulitaka umtaje mara ngapi?"

"Nilibadilisha umri. Nilibadilisha kazi."

"Ukamfanya auze mboga. Kaluki! Aliyeogopa tope kuliko jini! Hata hiyo nayo imetuuma."

"Wanawake walifundishika. Mlisikia maswali waliyouliza."

"Walifundishika sana. Leo asubuhi Mama Irshad amewaambia wanawe akifa aitwe mwosha kutoka Nairobi. Yule mgonjwa wa sukari wa karibu na kinu, naye vilevile. Mimi mwenyewe nina kovu hapa kwenye paja, nilianguka nikiiba maparachichi ya padri. Nilidhani nitazikwa nalo. Sasa nitalisikia ukumbini, na mchoro ubaoni." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Mwosha huoshwa, Mwalimu. Siku yako ikifika utaomba uoshwe na bubu."

Saida alimgeukia Safaa. Alitarajia ukali, na angeupokea kwa nafuu. Safaa alikuwa anakunja kitambaa kilekile kwa mara ya pili.

"Usiniangalie," Safaa alisema. "Mimi nilikuwa pale mbele nikiitikia kwa kichwa. Nilikuwa nawaza tu vile ukumbi umejaa. Nilijua ni Kaluki tangu uliposema leso, na sikukwambia nyamaza, kwa sababu nilikuwa naona raha." Aliweka kitambaa rafuni. "Mimi na wewe ni wamoja. Tofauti ni kwamba mdomo ulikuwa wako."

"Nifanye nini?"

"Kwa Firdaus, sijui. Kwa kikundi, tusubiri. Atafariki mtu, kila wakati hufariki mtu. Tukiitwa, bado tupo. Wakileta watu wa Nairobi, basi tufunge hiki chumba, na mayatima wakifugie kuku."

Majuma yaliyofuata Saida aligundua mambo kadhaa kuhusu aibu ambayo hakuwa ameyasoma popote. Kwamba inaanzia masikioni, kwa joto. Kwamba haiji unapolifikiria kosa lenyewe, ila unapokumbuka kitu kidogo kando yake: chaki mkononi, sauti yake mwenyewe ikisema kushoto. Kwamba mtu anaweza kuwa na hoja nzuri na bado akavuka barabara ili asipite mbele ya duka. Aliacha kununua vitu Thika, akawa ananunua Ruiru, halafu hata Ruiru akawa anazunguka ili asipite upande wenye duka la sare.

Alipoona kwamba anafanya hivyo, alikwenda.

*

Duka lilikuwa limejaa masweta ya rangi za shule mbalimbali, yamening'inizwa mpaka darini. Firdaus alikuwa anampima sweta mtoto aliyekuja na nyanya yake. Alimwona Saida, akaendelea. "Chukua namba thelathini, shosh, ataikulia," alimwambia yule nyanya. Wakaenda. Firdaus akakunja sweta lililobaki.

"Sasa, Mwalimu."

Ilikuwa salamu ya vijana, haikuwa na heshima ndani yake, na Saida aliipokea kama ilivyo.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Sawa."

"Nataka ujue kwamba sikukusudia. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba..."

"Umekuja kuniomba radhi ama kunifafanulia?"

 Saida alikuwa ametayarisha maneno njiani, na yote yaliyobaki yalikuwa ya ufafanuzi.

"Nikuulize mimi," Firdaus alisema. "Ulikuja kwangu matanga. Ulikula. Ulinisikia nikisema bega. Si ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Sasa si ungeniita tu jikoni? Hapo hapo. Firdaus, kuja, mamako alikuwa hivi na hivi, nenda upimwe. Ningelia, ningekutukana hata, yaishe."

"Sikuruhusiwa kukwambia. Niliahidi kutosema."

"Mimi ndiye hukuruhusiwa kuniambia." Firdaus alitikisa kichwa polepole kama mtu anayehakikisha hesabu. "Mimi mtoto wake. Lakini ukumbi mzima na mandazi, hao uliruhusiwa."

Saida alitafuta jibu. Alilitafuta kwa uaminifu, kwa sababu alikuwa mtu wa kuamini kwamba kila kitu alichofanya kilikuwa na sababu, na sababu ilikuwako, aliiona waziwazi, hatua kwa hatua: jina, mahali, umri, kazi. Kila hatua ilikuwa sawa. Ilimfikisha pale aliposimama, kati ya masweta.

"Unajua kilichoniuma?" Firdaus alisema. "Si hata ugonjwa. Mama alinificha, hiyo ni ya kwangu na yeye, nitabishana naye siku moja. Ni vile nilijua nikiwa nimekalia mkeka wa watu. Jirani yangu alikuwa anakula andazi. Nikaona ameacha kutafuna. Alijua kabla yangu, Mwalimu. Nilisoma kwa mdomo wake."

"Nimekukosea," Saida alisema. "Nimemkosea mamako."

"Eeh. Umetukosea." Alikunja sweta jingine, akalilinganisha mikono. "Nilienda kupimwa. Wiki ileile. Walinibonyeza, wakanipiga picha. Sina kitu. Wamesema niende kila mwaka."

Saida alifurahi. Furaha ilikuja haraka, kabla hajaizuia, na ilikuwa na kitu kingine ndani yake ambacho alikitambua mara moja: ilikuwa ileile furaha ya kuwa sahihi. Firdaus alikuwa anamtazama usoni na aliiona ikipita.

"Ndiyo," Firdaus alisema. "Lilinifaa, kama ulivyosema. Sasa unaweza kwenda."

Alitoka. Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyemjua. Hata hivyo alitembea ameinamisha kichwa mpaka kwake.

*

Mama Irshad alifariki kabla ya mwaka mpya wa shule. Wanawe walitii wosia, wakapiga simu Nairobi, na waoshaji wa Nairobi wakasema wangefika jioni. Mazishi yalikuwa baada ya adhuhuri. Irshad, mwanawe mkubwa, akampigia Safaa.

Safaa alimpigia Saida.

"Wametuita. Si kwa mapenzi, ni kwa haraka, lakini wametuita."

"Alhamdulillahi."

"Wametoa sharti."

"Najua sharti," Saida alisema. "Nitabaki nyumbani."

"Nani kasema ubaki? Sharti ni usiingie. Mama Adan hawezi kuwasha moto na kumimina maji kwa wakati mmoja, na yule mwenzetu wa tatu yuko kwa binti yake Garissa. Utakuja ukae uani na moto."

"Watu wote watakuwa uani."

"Ndio."

"Watanitazama."

"Si ndio nimekwambia," Safaa alisema, akakata.

Nyumba ilikuwa Kiganjo, ploti yenye vyumba vya kupangisha pande tatu na ua katikati. Maiti alikuwa chumba cha mwisho, mlango umefungwa pazia la shuka mbili. Saida alipewa mawe matatu, kuni mbichi kiasi, na sufuria kubwa la harusi. Wanaume walikuwa nje barabarani. Uani walikaa wanawake, mikeka kwa mikeka, na walipomwona ameingia mazungumzo yalipungua kama redio iliyoshushwa sauti. Kisha yakaendelea.

Alichuchumaa. Moshi ulimjia usoni popote alipohamia. Magoti yake hayakuzoea. Maji yalipopata moto aliyachota kwa ndoo, akayapoza kwa ya baridi, akayapima kwa kiwiko kama alivyowafundisha wanafunzi kupima maji ya mtoto, akayapeleka hadi penye pazia. Mkono wa Mama Adan ulitoka, ukachukua, ukarudi. Kati ya zile shuka mbili palikuwa na mwanya. Saida aligeuza uso kabla haujafunguka, kila mara, na kila mara alijua kwamba uani kuna mtu anayechunguza kama ameugeuza.

Firdaus alifika na wanawake wa Kimbo. Alipita kando ya moto, na kwa kuwa salamu ni wajibu, akasema, "Asalaam aleikum." Saida akamjibu. Firdaus alikwenda kukaa mkeka wa mbali, mgongo wake upande huu.

Irshad aliingia kuuliza kama bado sana. Alimuuliza Mama Adan kupitia pazia, ingawa Saida alikuwa amesimama kati yake na pazia akiwa na ndoo. Saida alisogea kumpisha.

Karibu na mwisho, maji ya kafuri yakiwa yamekwisha kupelekwa, alikuja mwanamke mmoja mgeni, jamaa wa marehemu kutoka Mwihoko, mchangamfu, aliyechelewa na kukosa nafasi mikekani. Alichuchumaa karibu na moto, akanyoosha viganja.

"Pole na kazi, mama. Wewe ndiwe unajua mambo ya huku. Hivi huyu dadangu alikuwa anaugua nini? Kwenye simu waliniambia tu tumbo."

Mkeka wa karibu ulinyamaza. Ukanyamaza na wa pili.

Saida hakuwa ameambiwa. Safaa hakumwambia, naye hakuuliza, na chumbani hakuingia. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa moja na lilikuwa kamili.

"Sijui," alisema.

"Wewe!" Sauti ilitoka mkekani, ya mwanamke aliyekuwapo ukumbini siku ile. "Mwalimu? Wewe usijue?"

Walicheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, wengine waliziba midomo kwa leso kwa sababu ya msiba, na mmoja akamwambia mwenzake, "Wacha bana, mko kwa matanga." Yule mgeni wa Mwihoko alitabasamu bila kuelewa, akimtazama huyu na huyu, akingoja aambiwe.

"Kweli sijui," Saida alisema tena, na akasikia mwenyewe jinsi neno hilo linavyosikika kinywani mwa mtu asiyesadikiwa. Masikio yake yalipata moto. Hakuwa na ushahidi wa kuonyesha. Aliinama, akasukuma kuni ndani, na kutoka nyuma ya pazia Safaa akaita maji mengine.